Aliyeteuliwa Hapigiwi Hodi

Kura yangu ya kwanza Marekani haikuwa na jina la mtu hata mmoja. Ilikuwa Jumanne, tarehe 3 Machi 2020, hapa Montgomery, mji mkuu wa jimbo la Alabama. Nilikuwa nimetoka moja kwa moja kazini, zamu ya usiku, bado nimevaa sare na viatu vya mpira. Siku hiyo vyama vilikuwa vinachuja wagombea wao wa urais, na wengi waliopanga foleni walikuja kwa ajili hiyo. Dada wa mezani akakagua kitambulisho changu, akaniuliza nataka karatasi ya chama gani. Nikamwambia sitaki ya chama, nataka ile ya marekebisho ya katiba peke yake. Akanitazama kidogo, akainama kuitafuta chini ya rundo, akanipa pamoja na kalamu.

Uraia nilikuwa nimeupata mwaka mmoja kabla. Ningeweza kuanza na urais kama wenzangu. Lakini binti yangu alikuwa darasa la nne, na aya ile ndefu iliyokuwa juu ya viduara viwili, Ndiyo na Hapana, ilihusu nani atakayekuwa na sauti ya mwisho juu ya shule yake.

Ilipendekezwa hivi: Bodi ya Elimu ya Jimbo ibadilishwe jina, iwe tume. Wajumbe wake, ambao huchaguliwa na wananchi, wateuliwe na gavana na kuthibitishwa na Seneti ya jimbo. Msimamizi mkuu wa elimu naye apewe cheo kipya cha katibu, ateuliwe na tume hiyo, kisha Seneti imthibitishe. Kwa wiki tatu nilikuwa nikiisoma aya hiyo nyumbani kwa Kiingereza huku naitafsiri kichwani, na kila mara nilikwama palepale: wateuliwe.

Sisi Watanzania hatuhitaji kufundishwa tofauti ya kuchagua na kuteua. Diwani anachaguliwa, mkuu wa wilaya anateuliwa. Diwani ukikutana naye gulioni unamshika mkono, unamwuliza lile daraja limefikia wapi, na akikujibu ovyo unamkumbusha kwamba uchaguzi unakuja. Mkuu wa wilaya unasikia redioni kwamba ameteuliwa, siku nyingine unasikia uteuzi wake umetenguliwa, na mara zote mbili hakuna aliyekuuliza. Simaanishi kwamba wateule ni watu wabaya. Nimewaona waliochapa kazi kuliko madiwani kumi. Ila mteule akiamka asubuhi anatazama kule uteuzi wake ulikotoka, na hilo halina uhusiano na wema wake.

Nieleze kidogo mambo yalivyo huku, maana ndugu zangu wa nyumbani hushangaa kwamba suala la bodi ya elimu linapigiwa kura na jimbo zima. Mwaka 2020 Alabama ilikuwa bado inatumia katiba ya mwaka 1901, ambayo hadi wakati ule ilikuwa imerekebishwa zaidi ya mara 900. Kila kitu kilikuwamo humo, mpaka mambo ya kaunti moja moja, kwa hiyo ukitaka kugusa chochote ilikubidi uende kwa wapiga kura. Bodi yenyewe ina wajumbe wanane, kila mmoja anachaguliwa na wilaya yake kwa miaka minne, na gavana ndiye rais wa bodi kwa cheo chake. Wao ndio wanaomwajiri msimamizi mkuu wa elimu, wanapitisha mitaala, wanaweka masharti ya leseni za walimu. Wanakutana katikati ya mji, kwenye jengo la Gordon Persons, na mikutano yao iko wazi kwa yeyote anayetaka kwenda kuketi na kusikiliza.

Mwaka 2019 Bunge la jimbo lilipitisha pendekezo la kuifuta bodi hiyo ya kuchaguliwa. Aliyelisukuma zaidi alikuwa Seneta Del Marsh, kiongozi wa Seneti, na Gavana Kay Ivey akalibeba kwa nguvu zote. Hoja zao zilikuwa nzito na sitazipunguza uzito hapa ili kura yangu ionekane ya busara.

Hoja ya kwanza ilikaa mezani kwangu jikoni kila jioni. Mwaka huohuo wa 2019 yalitoka matokeo ya NAEP, mtihani wa kitaifa wa kupima maendeleo ya elimu, ambao hupewa sampuli ya wanafunzi katika kila jimbo. Katika hisabati ya darasa la nne wastani wa nchi ulikuwa alama 240. Alabama ilipata 230, ya mwisho kabisa. Darasa la nane pia, ya mwisho. Mtoto wangu alikuwa darasa lilelile la nne, na mimi nikilitazama daftari lake sikuwa natazama takwimu.

Usiku mmoja aliniletea swali: ipi ni kubwa, 2/3 au 3/4? Nikaketi, nikamwambia, mama, hii rahisi. Tafuta KDS. Akanikodolea macho. Nikamweleza: kigawe kidogo cha shirika cha 3 na 4 ni 12, asili zote zikiwa 12 kiasi kinakuwa 8 hapa na 9 pale, kwa hiyo 3/4 ndiyo kubwa. Sekunde kumi, kama nilivyofundishwa kwetu Muheza, Tanzania, na mwalimu aliyekuwa akitembea na chaki sikioni. Binti yangu akasema mwalimu wake hataki hivyo. Akachora mistatili miwili, mmoja chini ya mwingine, akaigawanya kwa rula, akaitia rangi, akanionyesha kwamba wa chini umevuka wa juu kwa kipande chembamba. Jibu lilikuwa lilelile. Halafu akaniuliza, "Hicho kipande chembamba ni kiasi gani, mama?" Nikamwambia ni moja ya kumi na mbili, ile tofauti ya 8 na 9. Akatulia, akaitazama mistatili yake upya. Sijui usiku ule nani alimfundisha mwenzake.

Mistatili ile ndiyo iliyokuwa ikipigiwa kelele majukwaani. Ilihusishwa na Common Core, viwango vya masomo vilivyotumiwa kwa pamoja na majimbo mengi, ambavyo Alabama ilivipokea mwaka 2010, na wanasiasa wengi wakaapa kuving'oa. Pendekezo la mwaka 2020 liliitaka tume mpya iweke viwango vingine mahali pake. Kwa hiyo ulikuwepo ushawishi wa aina mbili: kwa mzazi aliyechoshwa na alama za mkiani, na kwa mzazi aliyechoshwa na kazi za nyumbani asizozielewa.

Hoja yao ya pili ilikuwa yumbayumba ya ofisi. Kuanzia mwaka 2016 hadi 2018 watu watano walipita kwenye kiti cha msimamizi mkuu wa elimu, wengine wakikaimu. Mmoja, Michael Sentance, aliyeletwa kutoka Massachusetts, alikaa kama mwaka mmoja tu. Waliounga mkono mabadiliko walisema bodi ya wanasiasa wanane haiwezi kushika mwelekeo, na kwamba majimbo mengi ya Marekani huteua wajumbe wa bodi zao za elimu. Ni kweli. Waliongeza kwamba sheria ingemtaka gavana ateue tume inayofanana na wanafunzi wa jimbo kwa maeneo, kwa jinsia na kwa rangi. Hilo nililisoma mara mbili, kwa sababu watoto wangu ni weusi, na sehemu kubwa ya watoto wanaokaa nao darasani ni weusi.

Kwa hiyo katikati ya Februari nilikuwa nimeelemea kwenye Ndiyo, na nilikuwa nimeshamwambia mume wangu hivyo.

Aliyenirudisha nyuma ni mama mmoja mzee ninayemhudumia kazini. Jina lake linabaki kwangu. Alikulia Macon, kaunti ya jirani, Tuskegee, mwendo wa chini ya saa moja kutoka hapa. Usiku hapati usingizi, na mimi nikimaliza kuzungusha dawa huketi naye kidogo. Nilimtajia hiyo kura kama mtu anayetaja hali ya hewa. Akaniuliza, "Unajua gavana aliwahi kuifanyia nini shule yetu?" Sikujua. Akanisimulia jinsi siku moja baba yake alivyowakataza kupita barabara ya shuleni kwa sababu imejaa askari.

Nilipotoka kazini sikulala. Nilikwenda maktaba.

Mwezi Agosti 1963 jaji wa mahakama ya shirikisho hapa Montgomery, Frank Johnson, aliamuru shule ya sekondari ya Tuskegee, iliyokuwa ya Weupe peke yao, ipokee wanafunzi weusi. Wakili wa familia zilizoshtaki alikuwa Fred Gray, kijana aliyekuwa amekwisha kumtetea Rosa Parks, yule mama mweusi aliyekataa kumpisha mzungu kiti cha basi hapa Montgomery. Wanafunzi 13 wakakubaliwa. Bodi ya shule ya kaunti ilikuwa tayari kutii. Tarehe 2 Septemba, siku ya kufungua, Gavana George Wallace akapeleka askari wa jimbo, wakaizunguka shule, watoto wakarudishwa. Mahakama ilipomzuia, shule ikafunguliwa, lakini wanafunzi weupe wakahama wote, wengi wao wakaenda kwenye shule binafsi iliyoanzishwa upesi kwa ajili yao.

Kilichonishika ni kilichofuata. Wakati ule wajumbe wa Bodi ya Elimu ya Jimbo waliteuliwa na gavana, na gavana mwenyewe ndiye aliyeketi mbele yao kama rais wa bodi. Januari 1964 bodi hiyo iliamuru shule ya Tuskegee ifungwe. Ilikuwa imebaki na watoto weusi peke yao, wale waliostahimili yote. Ifungwe, basi. Hakuna mtu wa Macon aliyekuwa amempa kura hata mjumbe mmoja wa bodi ile.

Fred Gray akaigeuza amri hiyo kuwa ushahidi. Alirudi mahakamani na hoja moja: ikiwa bodi ya jimbo ina uwezo wa kuifunga shule ya Tuskegee, basi ina uwezo wa kuondoa ubaguzi katika shule zote za jimbo. Machi 1967 majaji watatu wakakubali. Kesi ya Lee dhidi ya Bodi ya Elimu ya Kaunti ya Macon, iliyoanza na shule moja, ikaishia kuziamuru wilaya 99 za shule kwa mkupuo. Miaka miwili baadaye, 1969, wapiga kura wa Alabama walirekebisha katiba, na tangu hapo bodi ya elimu ya jimbo ikawa ya kuchaguliwa.

Kay Ivey si George Wallace, na wala sikuona katika pendekezo la mwaka 2020 nia ya kufunga shule ya mtoto yeyote. Lakini katiba haiandikiwi gavana mmoja. Na katika bodi hii ya sasa wilaya mbili kati ya nane zina wapiga kura weusi wengi, kwa hiyo wazazi wa huko humpeleka Montgomery mtu wao, gavana apende asipende. Ule mstari wa sheria kuhusu tume itakayofanana na wanafunzi ulitaka gavana ndiye amtafute mtu anayefanana nasi. Kufanana na mimi sicho nilichokuwa nakitafuta. Nilitaka mtu ninayeweza kumpigia hodi.

Neno hodi nalisema kwa maana yake hasa.

Mwaka 2003, enzi za MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, shule nyingi za Tanzania zilipelekewa fedha za ruzuku na za kujenga madarasa, na kamati za shule zikapewa kuzisimamia. Kijijini kwetu Muheza wazazi walimchagua mama yangu kuwa mjumbe wa kamati. Alichaguliwa mkutanoni, kwa kunyoosha mikono, nami nilikuwepo. Hakuwa amesoma zaidi ya darasa la saba. Fedha zikiingia zilitakiwa zibandikwe kwenye ubao wa matangazo, kiasi gani kimekuja na kimetumika nini, na watu walikuwa wanasimama pale wanasoma kwa kidole.

Siku moja saa kumi na mbili alfajiri tukasikia hodi. Alikuwa mzee mmoja wa kitongoji cha juu, ana wajukuu wanne shuleni. Mama akatoka na khanga mbili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mama Rehema, ubaoni mmeandika saruji mifuko arobaini. Mimi nimejenga nyumba, naijua saruji. Ule msingi haujala arobaini."

Mama hakumwambia arudi mchana. Alivaa kandambili, wakaondoka wote wawili kabla ya chai, wakaenda kuhesabu. Mifuko 11 ilikuwa bado stoo, imefunikwa turubai, hakuna aliyeiba. Ilibidi mama aongeze kwa mkono wake mstari mmoja ubaoni: 29 imetumika, 11 ipo. Mzee akasoma, akashukuru, akaenda shambani.

Habari hii ya stoo na turubai ndiyo iliyokuwa kichwani mwangu nilipokaa kwenye kile kibanda cha kupigia kura cha kadibodi. Mzee yule asingekwenda kugonga mlango wa mtu aliyewekwa na mkoa, hata kama mtu huyo angekuwa mhasibu aliyesomea. Angenung'unika, angewaambia wenzake mifuko imeliwa, na uvumi ungetembea mpaka kampeni ya ujenzi ikafa. Nikapaka wino kiduara cha Hapana mpaka kikajaa, nikaingiza karatasi kwenye mashine, nikabandikwa stika kifuani, nikaenda kulala.

Usiku matokeo yakatangazwa: karibu robo tatu ya wapiga kura walikuwa wamesema Hapana. Jimbo hili humpa Republican karibu kila kitu, gavana alikuwa Republican na alikuwa amelipigania pendekezo lake, na bado likaanguka hivyo. Wapo waliolikataa kwa sababu hawaamini serikali yoyote, wapo waliolikataa kwa ajili ya Tuskegee. Siku kumi baadaye gavana alitangaza kufunga shule zote kwa ajili ya korona, na kabla Machi haijaisha ikajulikana kwamba watoto wangemalizia mwaka nyumbani. Bodi na tume zikasahaulika. Nikawa mwalimu wa darasa la nne mezani kwangu, na KDS yangu ikapata nafasi yake.

Kuna jambo linaloniuma. Baada ya kura hiyo nilijivuna kwa wiki nzima kwamba nimeilinda haki ya kuchagua. Kisha nikagundua silijui jina la mjumbe wa bodi wa wilaya yetu. Sikuwa nimewahi kulisoma popote. Nilikuwa nimekwenda kulinda mlango ambao sijaugonga hata mara moja. Nikaanza kuwauliza watu, kanisani, kazini, kwenye kikundi chetu cha Watanzania. Hakuna aliyelijua. Wale waliotaka kuiondoa bodi walikuwa wamesema hivyohivyo, kwamba wananchi hawawajui wajumbe hawa, na hapo walikuwa na haki.

Na tumeona kilichofuata. Mwaka 2022 Bunge la Alabama lilipitisha sheria ya hisabati inayotaka kila shule ya msingi ipate mwalimu mshauri wa hisabati, mtu ambaye kazi yake si kufundisha darasa lake mwenyewe bali kukaa na walimu, kuwatazama wakifundisha, kuwasaidia kupanga somo. Matokeo ya NAEP ya mwaka 2024 yalipotoka, darasa la nne la Alabama lilikuwa na alama 236, nukta moja tu chini ya wastani wa nchi. Alabama ilikuwa jimbo pekee ambalo wastani wake wa hisabati darasa la nne ulipita ule wa 2019. Bodi ni ileile ya kuchaguliwa, na msimamizi mkuu, Eric Mackey, ni yuleyule aliyekuwepo tangu 2018. Sisemi bodi ndiyo iliyofanya, maana sheria ni ya Bunge na jasho ni la walimu. Nasema tu kwamba tuliambiwa haitawezekana bila kubadilisha watu wanavyoingia kwenye viti, na imewezekana.

Mdogo wake binti yangu sasa naye amefika kwenye hesabu za sehemu. Anachora mistatili, na KDS anaijua, kwa Kiswahili. Shuleni kwao mwalimu mshauri alikuwa bado hajafika, kwa kuwa shule zinapewa kwa awamu. Kampeni za kiti cha bodi zilipoanza, mgombea mmoja alikuja kwenye ukumbi wa jamii karibu na kwetu. Tulikuwa watu kumi na mmoja, nimewahesabu, na viti vilikuwa zaidi ya sitini. Alipomaliza kuzungumza nikanyoosha mkono, nikamwuliza shule yetu iko awamu ya ngapi. Akasema hajui. Akatoa kijidaftari, akaandika jina la shule, akaniomba nimtamkie jina langu, akaandika na namba yangu ya simu.

Nilimsimulia mama kwa WhatsApp. Sasa ni mtu mzima, macho hayaoni vizuri, hunitumia sauti badala ya maandishi. Akaniuliza, "Amekujibu?"

"Bado, mama. Ni juzi tu."

"Na ofisi yake unaijua iliko?"

Mgombea alipiga Alhamisi saa tatu asubuhi, nimelala baada ya zamu. Aliacha ujumbe: shule yenu ni mwaka ujao wa masomo, Agosti, na kama Agosti ikipita hajafika mtu, nipigie kwa namba hii. Akaitaja polepole, mara mbili. Nimeiandika kwa kalamu ya rangi na kuibandika kwenye mlango wa friji, chini ya ratiba ya basi la shule.